Wosia wa Mzazi Unapotiliwa Shaka: Jinsi ya Kuupinga Mahakamani Tanzania Bara

Mara nyingi jambo hili huanza baada ya turubai kushushwa na wageni kuondoka. Familia inakaa kikao, mtu mmoja anatoa bahasha, na unasomwa wosia ambao hakuna aliyewahi kuusikia: nyumba, shamba na fedha za benki vyote vimekwenda kwa mtu mmoja, yule aliyekuwa akiishi na mzazi katika miezi yake ya mwisho. Waliobaki wanatazamana. Mwongozo huu nimewaandikia hao, na unahusu Tanzania Bara peke yake, kwa kuwa Zanzibar ina sheria na mahakama zake. Nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria kwa miaka kadhaa, na familia nyingi nilizoziona zikishindwa hazikuwa na madai ya uongo; zilichelewa, au zilifika mbele ya hakimu zikiwa na uchungu mwingi na ushahidi kidogo.

Elewa kwanza unachokipinga

Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuusia mali yake, na ana haki hata ya kuusia kwa namna inayowaudhi watoto wake. Kwa hiyo mahakama haitaanza kwa kuuliza kama mgawo ni wa haki. Itauliza kama uamuzi ulioandikwa kwenye karatasi ile ulikuwa wa marehemu mwenyewe. Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kwa wakoloni na ambayo bado inatumika kwa baadhi ya mirathi nchini, inasema kwamba wosia, au sehemu ya wosia, uliopatikana kwa udanganyifu, kwa kulazimishwa, au kwa kusumbuliwa hadi mtoa wosia akapoteza uhuru wake wa kuamua, ni batili. Zingatia maneno "sehemu ya wosia": yawezekana ibara moja tu ndiyo iliyoingizwa kwa shinikizo na nyingine zikabaki salama, na katika hali hiyo huna haja ya kubomoa wosia wote.

Kubembeleza si kosa. Binti aliyemwogesha mama yake, akampikia uji na kukesha naye hospitali, anaweza kumwambia, "Mama, na mimi unikumbuke," na mama akamkumbuka. Huo ni ushawishi halali, na mara nyingi ni shukrani iliyostahili. Jaji mmoja wa Uingereza, katika shauri la mwaka 1868 ambalo wanasheria bado wanalitaja, alieleza kwamba mtoa wosia anaweza kuongozwa lakini hawezi kuswagwa. Neno kuswaga linafaa hapa kwa maana yake ile ile ya machungani. Mzazi aliyeambiwa kwamba asipoweka dole gumba hatapelekwa kliniki ameswagwa. Vivyo hivyo mzazi aliyenyang'anywa simu, akazuiliwa wageni, kisha akaaminishwa kwamba watoto wake wengine wamemsusa wakati wao wanapiga simu kila wiki na hawapokelewi, amekosa uhuru hata kama hakuna aliyemnyanyulia mkono.

Kabla hujamtuhumu mtu, kaa na nafsi yako ujiulize kwa uaminifu kama unachokiona ni shinikizo au ni matokeo ya wewe kuwa mbali. Nimewahi kuwaambia watu waache shauri kwa sababu hiyo, na sikujutia.

Jua mirathi inafuata sheria ipi

Hatua hii huonekana ya wanasheria tu, lakini ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine. Mirathi ya Mtanzania Bara inaweza kufuata sheria za kimila, sheria ya Kiislamu, au ile sheria ya mwaka 1865. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha maishani: alifunga ndoa gani, alishika dini kwa kiasi gani, alifuata mila za ukoo wake au alikuwa ameziacha. Jina la ubatizo au kanzu ya Ijumaa peke yake haitoshi kujibu swali hilo.

Kama marehemu alikuwa Mwislamu na mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu, huenda usihitaji kuthibitisha shinikizo hata kidogo. Wasia wa Mwislamu hauvuki theluthi ya mali inayobaki baada ya gharama za mazishi na madeni, na mrithi hausiwi isipokuwa warithi wengine wameridhia. Wosia unaompa mtoto mmoja nyumba pekee ya marehemu unakwama hapo hapo. Vilevile zawadi iliyotolewa katika ugonjwa wa mauti huhesabiwa kama wasia na hufungwa na masharti hayo, jambo ambalo ndugu wengi hawalijui wanapoonyeshwa hati ya zawadi iliyosainiwa wiki mbili kabla ya kifo.

Kwa upande wa mila, Kanuni za Wosia zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Namba 436, zina masharti ya wazi. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi unataka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ikiwa mtoa wosia anajua kusoma na kuandika. Kama hajui, idadi inapanda hadi wanne. Mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao hutakiwa kushuhudia. Kanuni zinakubali wosia uvunjwe ikithibitika kwamba aliyeusia alikuwa na maradhi ya akili, amelewa, au alifanya hivyo kwa hasira ya ghafla. Na kumnyima mrithi urithi kunataka sababu, kama vile mrithi kuzini na mke wa mtoa wosia, kujaribu kumuua au kumdhuru vibaya, au kumtelekeza bila sababu ya haki wakati wa njaa au ugonjwa. Sababu hiyo itajwe, na mhusika apewe nafasi ya kujitetea.

Suala la kuwanyima watoto bila sababu halikubaki vitabuni. Mei 2021 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam iliukataa wosia wa mwaka 2017 uliokuwa ukidaiwa kuwa wa mfanyabiashara Reginald Mengi, aliyefariki Mei 2019, na miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa ni hali ya afya yake wakati wosia ulipoandikwa na kuachwa kwa baadhi ya watoto bila sababu za kuridhisha. Wosia wa mtu mwenye uwezo mkubwa hupimwa kwa maswali yale yale ya wosia wa mkulima mwenye ekari tatu.

Piga hesabu ya kitakachofuata ukishinda

Hapa naomba msomaji asimame, hasa msomaji wa kike. Wosia ukibatilishwa, mali haiendi kwa aliyeupinga. Kwanza mahakama itatazama kama kuna wosia wa zamani zaidi ulio halali, kwa sababu huo unaweza kuchukua nafasi. Usipokuwepo, mali itagawanywa kwa sheria ya urithi inayohusika, kana kwamba marehemu hakuusia kabisa.

Chini ya sheria ya mwaka 1865, mjane hupata theluthi moja na watoto hugawana theluthi mbili kwa usawa, wa kike na wa kiume. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya mtoto wa kike. Katika Kanuni za Urithi za kimila za mwaka 1963, mtoto wa kike amewekwa daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kiume wa kwanza na ndugu zake wa kiume. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinawabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Kwa hiyo binti aliyeachiwa chumba kimoja na kiwanja kidogo katika wosia anaoutilia shaka anaweza kuushinda wosia huo na kutoka mahakamani na pungufu ya alichokuwa nacho. Sisemi anyamaze. Nasema akae na mtu anayeijua sheria, waandike pande mbili za karatasi moja, wosia ukibaki na wosia ukianguka, ndipo aamue.

Hesabu hiyo ihusishe pia mali ambazo haziguswi na wosia. Kiwanja kilichohamishwa jina wakati mzazi angali hai, kama si suala la ugonjwa wa mauti nililolieleza, hakimo tena katika mirathi. Kukirudisha kunahitaji madai tofauti dhidi ya ule uhamisho, mara nyingi katika mahakama au baraza la ardhi lenye mamlaka. Nimeona watu wakipigania wosia kwa miaka miwili, huku nyumba yenyewe ilishatoka kwenye jina la marehemu kabla hajafa.

Siku za mwanzo: zuia mali isiondoke

Shauri la mirathi ni jepesi zaidi kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa kuliko baadaye. Msimamizi akishapewa hati, anaweza kuuza, kukusanya kodi na kufunga akaunti, na wewe utakuwa unakimbiza mali iliyokwisha kuondoka.

Kwa hiyo nenda mapema kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu na makazi ya mwisho ya marehemu uulize kama kuna maombi ya mirathi yaliyofunguliwa kwa jina lake. Kwa Dar es Salaam, mashauri ya mirathi yamekusanywa katika Kituo Jumuishi cha Temeke, kwa hiyo usipoteze siku ukizunguka Kinondoni na Ilala. Soma matangazo yaliyobandikwa mahakamani na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, na fuatilia magazeti na Gazeti la Serikali, kwa sababu tangazo la maombi ndilo linalotaja siku ya mwisho ya kuleta pingamizi.

Kama nyumba au kiwanja kina hati, wakili anaweza kukusaidia kuweka zuio kwenye daftari la ardhi ili kisihamishwe. Kwa ardhi isiyo na hati, peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wake, ukieleza kwamba mali hiyo ina mgogoro wa mirathi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo haina nguvu ya amri ya mahakama, lakini mnunuzi mwenye akili huuliza kwa mwenyekiti kabla ya kulipa, na baadaye hataweza kusema hakujua.

Jihadhari sana na muhtasari wa kikao cha ukoo. Watu husaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo huambatanishwa mahakamani kama uthibitisho kwamba wote wamekubali. Ukihudhuria na hukubaliani, andika kwa mkono wako mbele ya jina lako, "Nimehudhuria, sikubaliani na wosia," kisha upige picha ukurasa wote. Na usivunje kufuli, usichukue kodi za wapangaji, usihamishe ng'ombe. Kujichukulia mali ya marehemu bila mamlaka kunakugeuza wewe kuwa mtuhumiwa katika shauri ulilokuwa ukidaia haki.

Isome karatasi yenyewe

Wosia ukishawasilishwa mahakamani, omba kulipitia jalada na upate nakala. Usiridhike na kusomewa au kutumiwa picha nusu kwenye simu. Kaa mahali penye mwanga, na usome polepole.

Nitaeleza karatasi moja niliyoishika, bila kutaja familia. Mama alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa akiandika ubaoni, kwenye madaftari ya mahudhurio na kwenye barua za harusi za kijiji kizima. Wosia wake ulikuwa kurasa mbili zilizochapwa kwa kompyuta, na mwisho wake palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, iliyosambaa upande wa kushoto kana kwamba mkono ulivutwa kabla haujainuliwa. Chini yake palikuwa na mashahidi wawili, na sahihi zao zilikuwa kwa kalamu moja, wino mmoja, na tarehe zote mbili zimeandikwa na mkono mmoja. Hakukuwa na shahidi wa ukoo. Majina ya watoto wawili yalikuwa yameandikwa vibaya. Mama aliyewapa majina hayo, akayaandika kwenye vyeti vyao vya kliniki, angekosea vipi?

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake. Mwalimu mstaafu aliyepooza mkono wa kulia anaweza kweli kuweka dole gumba. Ila kila kimoja kilizaa swali, na maswali yale ndiyo yaliyotuonyesha nani wa kumuuliza nini. Kwa hiyo nawe tazama tarehe, idadi na aina ya mashahidi, kama shahidi yeyote ni mnufaika au mwenzi wa mnufaika, kama kuna maandishi ya kuonyesha kwamba asiyeweza kusoma alisomewa na akaelewa, na kama lugha iliyotumika ni lugha aliyoijua mzazi. Kama sahihi ndiyo inayotiliwa shaka, tafuta sahihi zake za miaka ile ile kwenye benki, kwenye mikataba au kwenye fomu za pensheni, kwa kuwa mtaalamu wa maandishi wa Jeshi la Polisi atahitaji za kulinganisha.

Tengeneza daftari la tarehe

Ukifanya jambo moja tu kutoka katika mwongozo huu, fanya hili. Chukua daftari la kawaida, andika katikati ya ukurasa tarehe ya wosia, kisha jaza kila unachokijua kwa kurudi nyuma miezi 12 na kwenda mbele hadi siku ya kifo. Lini alilazwa, lini alianza dawa zinazomlaza usingizi, lini alihamishiwa nyumba nyingine, lini simu yake ilianza kupokelewa na mtu mwingine, lini fedha nyingi zilitoka benki, lini mfanyakazi wa nyumbani wa miaka mingi alifukuzwa, lini alimtambua au kutomtambua mjukuu wake. Mbele ya kila tarehe andika nani anaijua na karatasi gani inaithibitisha. Tarehe isiyo na mtu wala karatasi iwekee alama, uifanyie kazi au uiache.

Shinikizo hufanyika chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na aliyeshinikizwa hayupo tena kusema. Ndiyo sababu linathibitishwa kwa mazingira. Mahakama huangalia udhaifu wa mzazi, nafasi aliyokuwa nayo mshukiwa, mchango wake katika kuandaa wosia, na kama matokeo yanakwenda kinyume na yale mzazi aliyokuwa akiyasema na kuyafanya siku zote. Mtu aliyemleta mwandishi wa wosia, akaita mashahidi aliowachagua mwenyewe, akaihifadhi bahasha, kisha akarithi karibu kila kitu, anatakiwa kuyaondoa mashaka hayo, kwa maana anayeleta wosia mahakamani ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha kwamba ni halali. Lakini ukidai kwamba mtu fulani alishinikiza au alidanganya, mzigo wa kuthibitisha tuhuma hiyo ni wako.

Kumbukumbu za hospitali zina uzito mkubwa kuliko maneno ya ndugu. Kusanya kadi za kliniki, vyeti vya kuruhusiwa kutoka wodini na risiti za dawa ulizo nazo. Faili lenyewe huenda hospitali ikakataa kukupa, na hapo utaiomba mahakama iamuru liletwe au daktari aitwe. Muulize daktari swali lililo sahihi. Kwamba mzee alikuwa na kisukari haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni kama, katika tarehe ile au karibu nayo, aliweza kuelewa kwamba anagawa mali, anakumbuka mali gani anazo, na anawajua watu waliostahili kufikiriwa.

Kisha watafute watu wasio na fungu katika mirathi. Mfanyakazi wa nyumbani, muuguzi wa zamu, jirani wa ukuta mmoja, balozi wa nyumba kumi, katekista aliyekuwa akileta komunyo, shehe aliyekuja kumsomea dua: hao walikuwepo siku ambazo wewe hukuwepo. Waendee kwa heshima, waache waseme wenyewe, na usiwafundishe maneno, maana shahidi aliyefundishwa huvunjika katika swali la tatu la wakili wa upande wa pili na huanguka na shauri lako. Wale mashahidi waliosaini wosia nao wazungumzishwe mapema, kama wako tayari. Katika shauri la yule mwalimu, shahidi mmoja alikiri kwamba alisaini dukani kwake, na kwamba siku hiyo hakumwona mama kabisa.

Fungua pingamizi kwa njia sahihi

Kama mirathi imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, unawasilisha pingamizi lako kwa maandishi katika shauri hilo hilo kabla ya siku iliyotajwa kwenye tangazo, na unahudhuria siku ya kusikilizwa ukiwa na mashahidi wako. Lugha ni Kiswahili na utaratibu ni mwepesi, kiasi kwamba wengi hujisimamia wenyewe.

Kama imefunguliwa Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, unaweka kaveti, yaani taarifa ya kuitaka mahakama isitoe hati bila kukusikiliza kwanza. Kaveti haidumu milele. Hukoma baada ya miezi minne isipohuishwa, na nimeona watu wakiiweka kisha wakarudi Mwanza kupumzika. Mwombaji ataomba uitwe, nawe utatakiwa kujitokeza na kuleta kiapo kinachoeleza msingi wa pingamizi lako. Kuanzia hapo shauri huendeshwa kama kesi ya madai, mwombaji akiwa mdai na wewe ukiwa mdaiwa. Kwa hatua hii nakushauri utafute wakili. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au kwenda kwenye taasisi kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ndugu walio Muscat, London au kwingineko wasisubiri likizo; wanaweza kula kiapo huko waliko na kumteua mwakilishi kwa hati inayokubalika.

Katika pingamizi lenyewe, tenganisha hoja. Eleza kasoro za kimaandishi na za mashahidi peke yake, uwezo wa akili na afya peke yake, na shinikizo peke yake, huku ukitaja nani, lini, wapi na alifanya nini. Maoni yangu, baada ya kuona mashauri mengi, ni kwamba hoja ya shinikizo ndiyo inayowachoma watu moyoni na ndiyo ngumu zaidi kuithibitisha, wakati kasoro ya mashahidi huonekana kwenye karatasi bila kubishaniwa. Anza na kile kinachoonekana. Sentensi kama "kaka yetu ni mchawi wa maneno na alimteka baba" iache nyumbani, andika, "Kuanzia tarehe fulani baba hakuruhusiwa kuzungumza na mtoto yeyote isipokuwa mwombaji akiwepo chumbani."

Kama msimamizi ameshateuliwa, mlango haujafungwa. Unaweza kuiomba mahakama iliyomteua itengue uteuzi, kwa mfano pale ambapo ulipatikana kwa udanganyifu, kwa maelezo yasiyo ya kweli, au kwa utaratibu wenye kasoro kubwa. Fanya hivyo mara tu unapojua, kwa maana kila wiki inayopita utaulizwa ulikuwa wapi. Tuhuma za kughushi zinaweza pia kupelekwa polisi, lakini usitumie polisi kama fimbo ya kumtisha ndugu ili mgawane. Hilo linaweza kukurudia.

Mapatano na hukumu

Wakati wowote kabla ya hukumu mnaweza kupatana, na mapatano hayo yaandikwe na kusajiliwa mahakamani yawe amri, kwa sababu makubaliano ya mdomo chini ya mwembe huvunjwa mara kiwanja kinapopata mteja. Mapatano mazuri humwacha mtoto aliyemuuguza mzazi na kitu cha kutambua kazi yake. Hata pale ambapo wosia ni mbovu, miezi ile ya kuosha, kulisha na kukesha ilikuwa ya kweli, na nimeona familia ikipona kwa kulitamka hilo mbele ya msuluhishi.

Mkifika hukumuni, omba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri siku ile ile. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Kutoka Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani nayo hutolewa ndani ya siku 30. Wosia ukianguka na msimamizi mpya akateuliwa, katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuleta orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Andika tarehe hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako, na siku ikifika nenda masjala ukaangalie kama orodha imeletwa na kama nyumba, shamba na akaunti ulizozijua zote zimo.